Saa ya msafiri haichelewi: tunavyokosea kuhusu kutanuka kwa muda

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye uzi mmoja wa mambo ya anga kuna mdau aliandika kwamba mwanaanga akienda kasi sana saa yake inachoka, moyo wake unadunda polepole, na ndiyo maana anarudi akiwa kijana kuliko aliowaacha. Waliomuunga mkono walikuwa wengi. Nilianza kumjibu palepale nikaona aya moja haitoshi, na jambo lenyewe, kutanuka kwa muda, yaani saa mbili nzima kuachana na kukutana tena zikiwa na hesabu tofauti, ni zuri mno kulipitia juu juu. Nimelifungulia uzi wake.

Mimi ni mpima ardhi. Asubuhi zangu nyingi huanza hivi: nafungua miguu ya tripodi juu ya bikoni, nazungusha skrubu mpaka povu likae katikati ya duara, nafunga risiva juu, nawasha, halafu nasubiri. Risiva inazitafuta satelaiti moja baada ya nyingine. Kila satelaiti imebeba saa ya atomu, na inachotuma chini ni kauli moja tu: nilipokuwa mahali fulani, saa yangu ilisoma hivi. Mpaka wa shamba la mtu, unaoweza kugombanisha ndugu wa tumbo moja, umesimama juu ya kauli hiyo. Kwa hiyo suala la muda kwangu ni la kazini, na limenikaa rohoni miaka mingi.

Kosa la kwanza, lililozaa mengine yote, liko kwenye neno "kuchelewa". Kwetu saa ikipoteza mwendo tunasema inachelewa, tunaipeleka kwa fundi abadilishe betri. Ukiambiwa saa ya mwanaanga ilichelewa, kichwani inakuja saa mbovu, na mwili mbovu pamoja nayo. Einstein, alipoandika nadharia yake mwaka 1905 akiwa karani wa ofisi ya hataza mjini Bern, Uswisi, hakusema hivyo hata kidogo. Saa ya msafiri ni nzima. Ndani ya chombo chake wali unaiva kwa muda uleule, mapigo ya moyo ni yaleyale kwa dakika, na akiangalia mshale wa sekunde hataona ajabu yoyote. Akisafiri miaka 6, amezeeka miaka 6 kamili na amekula milo ya miaka 6. Hakuna aliyeongezewa uhai.

Sasa tofauti inatoka wapi? Chukua mabasi mawili yanayotoka Dar alfajiri kwenda Arusha. Moja linapita Chalinze, Segera, Same na Moshi. Jingine linapita Morogoro, Dodoma, Kondoa na Babati. Yakikutana stendi ya Arusha, madereva wakisoma dashibodi, la kwanza litakuwa limehesabu kama kilomita 640, la pili zaidi ya 800. Hakuna mtu atakayesema dashibodi ya basi la kwanza "ilichelewa". Kilomita ya Same ni sawa na kilomita ya Kondoa. Njia ndizo zilizotofautiana.

Saa ni dashibodi ya namna hiyo. Haisomi muda mmoja mkubwa unaotiririka kwa wote kama mto. Inasoma urefu wa njia ambayo mwenye saa ameipita, kwenye ulimwengu ambao mahali na wakati vimefumwa pamoja. Watu wawili wakiachana na kukutana tena, kila mmoja anasoma chake, na wote wako sahihi. Kuna jambo moja tu linalopingana na mazoea ya barabarani. Barabarani njia iliyonyooka ndiyo fupi, lakini kwenye hesabu ya muda iliyonyooka ndiyo ndefu. Aliyebaki ndiye anayehesabu miaka mingi, na aliyekwenda mbali na kurudi anahesabu michache.

Kama unadhani haya ni maneno ya karatasini, kuna chembe zinaitwa myuoni. Zinazaliwa juu angani, kilomita kama 15, miale kutoka anga za mbali inapogonga hewa. Umri wake wa wastani zikiwa zimetulia ni mikrosekunde 2.2 (mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde). Hata kwa kasi ya mwanga yenyewe, muda huo ni wa kusafiri mita 660 tu. Zilipaswa kuisha huko huko juu. Mwaka 1963 David Frisch na James Smith walichapisha kipimo chao cha Mlima Washington, Marekani, kwenye kimo cha mita 1,900 hivi. Kileleni walihesabu myuoni 563 kwa saa, zile zenye kasi ya kama asilimia 99.5 ya mwanga. Kutoka hapo hadi usawa wa bahari ni safari ya mikrosekunde zaidi ya 6, kwa hiyo zilizobaki hai zilipaswa kuwa kama 30. Walipohesabu chini, karibu na bahari, walipata zaidi ya 400. Kwa dashibodi ya myuoni, safari ile haikufika hata mikrosekunde 1.

Maswali yawekwe hapa, nitajibu kadiri ninavyoweza.

#2

Mkuu shukrani, mfano wa mabasi umenifungua macho. Ila nina shaka moja. Hii si ni mwanga tu unachelewa kufika? Yaani msafiri akiwa mbali, habari zake zinatufikia zimechelewa, sisi tunadhani muda wake umepungua. Akirudi kila kitu kinakaa sawa.

#3 Mleta uzi

Mkuu wa #2, umeuliza kosa la pili kwa ukubwa, na ninalipenda kwa sababu linahesabika kwa vidole.

Tuwachukue mapacha, Kulwa na Doto. Kulwa anabaki nyumbani. Doto anakwenda kwenye nyota iliyo umbali wa miaka-nuru 4 (mwaka-nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka), kwa kasi ya asilimia 80 ya mwanga, akifika anageuza bila kupumzika. Kwa Kulwa, kwenda ni miaka 5 na kurudi miaka 5, jumla 10. Hesabu ya Einstein kwa kasi hiyo inampa Doto miaka 3 kwenda na 3 kurudi, jumla 6.

Wamekubaliana kila mmoja atume meseji moja kila mwaka unapotimia kwenye saa yake mwenyewe. Doto atatuma 6, Kulwa atatuma 10. Sasa tuzifuate zikiwa njiani.

Doto akiwa anakwenda, kila meseji inatumwa kutoka mbali zaidi kuliko iliyotangulia. Meseji zake 3 za kwanza zinamfikia Kulwa mwaka wa 3, wa 6 na wa 9. Moja kila miaka mitatu! Hapo ndipo unapoingia ule ucheleweshaji unaousema wewe, na ni kweli upo. Lakini angalia kinachofuata. Doto anaporudi anazikimbilia meseji zake mwenyewe kwa nyuma, kwa hiyo 3 za mwisho zinamfikia Kulwa ndani ya mwaka mmoja tu, moja kila miezi minne, ya mwisho ikifika na Doto mwenyewe mlangoni. Jumla: 6. Hakuna iliyopotea, hakuna inayosubiriwa angani.

Geuza upande. Doto akiwa anakwenda miaka yake 3, anapokea meseji 1 tu ya Kulwa. Akigeuza, anapokea 9 katika miaka 3, moja kila miezi minne. Jumla: 10.

Kama ingekuwa ni mwanga kuchelewa peke yake, mwisho wa safari hesabu zingelingana, 10 kwa 10. Hazilingani. Wamesimama sebuleni, uso kwa uso, hakuna umbali wa kuchelewesha chochote, na mmoja ana miaka 10 ya meseji mkononi na mwingine ana 6. Kinachoonekana kwa jicho ni mchanganyiko wa ucheleweshaji na kutanuka kwa muda. Ukiondoa ucheleweshaji, kinachobaki ndicho tunachokizungumza hapa.

#4

Naomba nikubane hapo hapo mkuu. Si tunaambiwa mwendo ni wa kulinganisha? Doto anaweza kusema yeye amekaa na Kulwa pamoja na dunia nzima ndio wameondoka. Kwa nini basi asiwe Kulwa mwenye miaka 6? Shuleni niliambiwa jibu ni mchapuko, kwamba Doto alikata kasi na kuongeza kasi alipogeuza, ndiyo maana saa yake ilipungua.

#5 Mleta uzi

Swali la haki kabisa. Na ni kweli kwamba wakiwa wanaachana tu, kila mmoja akipiga hesabu atasema saa ya mwenzake ndiyo inayopiga taratibu. Wote wawili! Hilo si kosa la hesabu.

Tazama tena zile meseji. Zote mbili zinaanza sawa: kila mmoja anapokea moja kwa miaka mitatu. Kisha wote wawili wanaanza kupokea haraka. Tofauti ni lini mabadiliko yanaanza. Doto anaona mabadiliko katikati kabisa ya safari yake, kwa sababu yeye ndiye aliyegeuza. Kulwa anayaona mwaka wa 9, kwa kuwa habari ya kugeuza ilitoka miaka-nuru 4 mbali. Hapo ndipo ulinganifu unapovunjika.

Kuhusu mchapuko: ulichofundishwa kiko nusu. Mchapuko unatuambia nani aliyekata kona. Lakini si mchapuko unaokula miaka. Kule CERN, maabara ya chembe iliyoko Geneva, miaka ya 1970, walizungusha myuoni kwenye duara lenye kipenyo cha mita 14 kwa asilimia 99.94 ya kasi ya mwanga. Kuzungushwa hivyo ni kubanwa kwa mchapuko wa kutisha, mara bilioni bilioni ya uvutano wa dunia. Umri wao ulitoka mikrosekunde 2.2 hadi zaidi ya 64, sawasawa na hesabu ya kasi peke yake inavyotaka. Mchapuko wote ule haukuongeza wala kupunguza kitu.

Njia nyingine ya kuliona: Doto asigeuze. Afike kwenye nyota, apishane na msafiri wa tatu anayekuja huku kwa kasi ileile. Wanapopishana, yule anasoma saa ya Doto, 3, anaiweka yake 3, anaendelea bila kukanyaga breki. Akifika nyumbani saa yake inasoma 6, ya Kulwa 10. Hakuna mwili uliogeuzwa wala kubanwa kwenye kiti. Lakini njia ile, vipande viwili vilivyounganishwa, ina kona. Ni kama barabara ya Dodoma: kilomita zinazidi kwa sababu ya njia yenyewe ilivyo, usukani umezungushwa na dereva mmoja au wawili.

#6

Samahanini kama swali langu liko chini. Mimi nina dada yangu yuko New York. Akipanda ndege kutoka Dar anaondoka usiku, anafika kule na bado wako nyuma yetu masaa 8. Hii nayo ndiyo kutanuka kwa muda? Nimeona mtu Facebook anasema hivyo.

#7 Mleta uzi

Dada, au kaka, usiombe samahani. Swali hili limewakanganya wengi, na sehemu ya lawama iko kwenye lugha yetu, maana "saa" kwetu ni kile kifaa cha mkononi, ni dakika 60, na ni majira ya siku.

Masaa 8 yale ni makubaliano ya watu kuhusu jua. Sisi tukisema saa moja asubuhi na Mzungu akisema saa saba, hakuna aliyesafiri, tumeanza kuhesabu pengine tu. Ya New York ni hivyo hivyo. Dada yako akikaa hewani masaa 20, amezeeka masaa 20.

Ila, na hapa ndipo patamu, ndege kweli zimewahi kupimwa. Oktoba 1971 Joseph Hafele na Richard Keating walichukua saa 4 za atomu za siziamu, wakazikalisha kwenye ndege za kawaida za abiria, wakaizunguka dunia mara moja kuelekea mashariki na mara moja kuelekea magharibi. Waliporudi wakazilinganisha na saa za kituo cha jeshi la wanamaji la Marekani kinachotunza muda, Washington. Zilizokwenda mashariki zilikuwa nyuma kwa nanosekunde 59. Zilizokwenda magharibi zilikuwa mbele kwa nanosekunde 273. Nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde.

Matokeo hayo yanazika kosa jingine, lile la "anayetembea saa yake hupungua". Wote walitembea. Mbona waliokwenda magharibi wamezidi? Kwanza, juu kule uvutano umelegea, na hilo huongeza hesabu ya saa (nitalirudia). Pili, ardhi yenyewe haijatulia. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, na mtu aliyesimama ikweta anabebwa kilomita zaidi ya 1,600 kwa saa. Ndege inayokwenda mashariki inaongeza juu ya mwendo huo. Inayokwenda magharibi inaupunguza, kwa hiyo kwa mtazamaji aliyetulia nje ya dunia, ile ndege ndiyo inayokwenda pole kuliko uwanja ilikotoka. Usiseme tu "anatembea". Sema anatembea kulinganisha na nini, na kaipita njia gani.

#8

Mleta mada, kwa kuwa ni mtu wa GPS: ni kweli bila Einstein ramani ya simu ingekosea kilomita 11 kila siku? Hii naisikia kila mahali.

#9 Mleta uzi

Niliisema hivyo mwenyewe kwa wenzangu kazini kwa muda mrefu, mpaka nilipokaa kusoma vizuri. Namba ni sahihi, maana yake ndiyo inayopotoshwa.

Satelaiti za GPS ziko kilomita 20,200 juu, zinakwenda karibu kilomita 4 kwa sekunde. Kwa mwendo huo saa zake zinapungua mikrosekunde 7 kwa siku zikilinganishwa na za ardhini. Kwa kuwa mbali na uvutano zinazidi mikrosekunde 45. Jumla zinazidi 38 kwa siku. Mwanga hukata kilomita 11 na ushei katika muda huo, ndipo inapotoka ile kauli.

Lakini simu yako haina saa ya atomu. Kila inapokutafutia mahali, inatafuta pia makosa ya saa yake yenyewe, ndiyo maana inahitaji satelaiti 4 na si 3. Kama satelaiti zote zimezidi kwa kiasi kilekile, simu inalimeza kosa hilo ndani ya makosa ya saa yake na nukta ya ramani inabaki karibu palepale. Kitakachoharibika ni muda unaotangazwa, ambao mitambo mingi ya mawasiliano inautegemea. Kwa hiyo saa zinarekebishwa kabla ya kurushwa: badala ya mapigo milioni 10.23 kwa sekunde zinawekwa 10.22999999543.

Mahali ambapo mita zinapotea kweli ni pengine, na watu wachache wanapataja. Njia ya satelaiti si duara kamili. Ikisogea karibu na dunia inakwenda kasi zaidi na kuzama zaidi kwenye uvutano, ikienda mbali kinyume chake. Kila moja iko kwenye hali yake, kwa hiyo kosa hili halifanani na simu haiwezi kulimeza. Kwa njia iliyopinda asilimia 1 tu, ni nanosekunde 23 hivi, sawa na mita 7. Marekebisho hayo hayafanyiki angani. Yanafanyika ndani ya risiva yangu pale juu ya tripodi, na ndani ya simu yako sasa hivi.

Mwaka 1977 satelaiti ya majaribio NTS-2 ilirushwa na saa ya siziamu, na kwa siku kama 20 waliiacha bila marekebisho ya Einstein ili waone. Ilizidi karibu kabisa na hesabu ilivyotabiri. Ndipo wakawasha marekebisho.

#10

Hujambo ndugu, nakufuatilia kutoka Nanyuki, hapa kwenye ikweta. Nilisoma mahali kwamba Einstein mwenyewe aliandika saa ya ikweta hupiga polepole kuliko ya ncha ya dunia kwa sababu sisi tunazungushwa kwa kasi. Je, sisi wa ikweta tunazeeka polepole?

#11 Mleta uzi

Sijambo ndugu yangu, karibu sana. Ni kweli aliandika, kwenye makala yenyewe ya 1905. Na kwa alichokijua mwaka ule, hesabu ilikuwa safi: kasi ya ikweta, mita 465 kwa sekunde, ingepunguza nanosekunde kama 100 kwa siku.

Lakini saa mbili, moja usawa wa bahari pale ikweta na nyingine usawa wa bahari kwenye ncha, zinapiga sawa. Sababu inanifurahisha kila nikiifikiria. Dunia inapozunguka inatuna kiunoni. Ikweta iko kilomita 21 mbali zaidi na kitovu cha dunia kuliko ncha. Kuwa mbali hivyo kunaongeza hesabu ya saa, na kuzungushwa kunaipunguza, na viwili hivyo vinafutana. Si bahati. Maji ya bahari yametulia kwenye umbo ambalo hayana tena pa kumwagikia, na umbo hilo ndilo ambalo saa zote hupiga sawa. Mwaka 1905 Einstein hakuwa bado na nadharia ya uvutano. Aliikamilisha 1915.

Wewe wa Nanyuki una tofauti, ila inatoka kwenye kimo. Uko kama mita 1,950 juu ya bahari, kwa hiyo saa yako inamzidi mtu wa Mombasa nanosekunde 18 hivi kwa siku. Saa ikikaa kileleni Uhuru, Kilimanjaro, mita 5,895, inazidi ya Tanga nanosekunde 55 kwa siku. Si hadithi: mwaka 2010 maabara ya vipimo ya NIST, Marekani, waliinua saa moja sentimita 33 tu wakaiona tofauti. Mwaka 2022 maabara ya JILA kule Colorado waliiona ndani ya milimita moja.

Na usidhani ni nguvu ya uvutano ndiyo inayokandamiza saa. Kosa hili liko hata kwenye vitabu. Kwenye kitovu cha dunia uvutano ni sifuri, ungeelea, maana unavutwa sawa pande zote. Lakini saa ya huko ndiyo inayohesabu kidogo kuliko zote. Kinachohesabika ni umezama kina gani, yaani ingekugharimu jasho kiasi gani kupanda kutoka ulipo mpaka mbali kabisa. Tangu dunia iumbike, kitovu chake kimehesabu kama miaka 2 na nusu pungufu ya uso wake.

#12

Vipi kuhusu mwanga wenyewe? Naona wanasema kwa fotoni, yaani chembe ya mwanga, muda umesimama, inazaliwa na kufa papo hapo. Halafu pia siku moja kwa Mola ni kama miaka elfu, ipo kwenye Qur'an na ipo kwenye waraka wa pili wa Petro. Si ndiyo hii hii?

#13 Mleta uzi

La fotoni ni fupi. Ukitaka kusema "kwa fotoni", lazima uwe na mtazamaji aliyepanda juu ya mwanga na mwanga umetulia mbele yake. Nadharia nzima imejengwa juu ya msingi kwamba mwanga hupita mita 299,792,458 kwa sekunde mbele ya kila mtazamaji. Huyo wa kupanda hayupo. Swali linavunja msingi ambao jibu lake lingesimama juu yake.

La pili nalijibu kwa heshima, na najua wapo watakaonipinga. Mimi sizichanganyi. Aya zile zinamfundisha mja subira na ukubwa wa Muumba. Ukizigeuza kuwa hesabu ya mwendokasi, umemfanya Mungu msafiri mwenye mwili, anayekwenda kasi fulani kulinganisha na kitu fulani. Sidhani kama kuna muumini anayetaka kusema hivyo.

#14

Mkuu mimi nataka jibu la maisha. Nihamie pwani ili nizeeke polepole? Na wale wanaanga wanapata faida kiasi gani?

#15 Mleta uzi

Mtu aliyeishi miaka 70 Dar na mwenzake aliyeishi miaka 70 Mbeya, mita 1,700 juu, wanapishana milisekunde 0.4 hivi. Kichwa chako kinauzidi unyayo wako mikrosekunde 0.4 maisha mazima. Dereva wa basi akiendesha masaa 10 kwa kilomita 80 kwa saa anahesabu pungufu sehemu moja ya kumi ya nanosekunde. Chagua makazi kwa ajili ya joto na kodi ya nyumba.

Wanaanga wa kituo cha kimataifa wako chini, kilomita 400 hivi, na wanakwenda kilomita 7.7 kwa sekunde, kwa hiyo kwao mwendo unashinda kimo. Wanapungukiwa kama mikrosekunde 25 kwa siku. Scott Kelly alikaa siku 340, kuanzia Machi 2015 hadi Machi 2016. Pacha wake Mark, aliyetangulia kuzaliwa kwa dakika 6, alimzidi milisekunde 8 zaidi. Mabadiliko yote ya mwili yaliyopimwa kwa Scott, ya mifupa, macho na chembe za urithi, yalitokana na kuelea, mionzi na maisha ya huko. Milisekunde 8 haiguzi kitu mwilini. Na kumbuka satelaiti za GPS zinazidi wakati kituo hiki kinapungua: mpaka kati yao uko kama kilomita 3,200 juu, ambapo mwendo na kimo vinafutana.

#16

Mleta uzi, mimi ni mwalimu wa fizikia kidato cha sita. Leo nimezichora meseji za Kulwa na Doto ubaoni, darasa zima limeelewa mpaka jumla ya 6 na 10. Mwishoni binti mmoja kauliza: "Mwalimu, Doto anapofika kwenye nyota, nyumbani Kulwa ana umri gani sasa hivi?" Nimekwama, nikasema nitamjibu kesho. Nisaidie.

#17 Mleta uzi

Mwalimu, huyo binti amefika mahali ambapo wengi wetu tunapazunguka miaka. Tatizo liko kwenye maneno yake mawili ya mwisho.

Kesho chora hivi. Mstari mmoja wima, huo ni Kulwa, uweke alama za miaka 0 mpaka 10. Pembeni chora njia ya Doto kama mshale uliopinda, ukienda kulia mpaka miaka-nuru 4, ukirudi. Kwenye kona andika: saa ya Doto, 3.

Kisha uliza mara tatu. Kwa Kulwa, Doto anapokata kona ni mwaka wa 5. Kwa Doto sekunde moja kabla ya kugeuza, akipiga hesabu yake sawasawa, nyumbani umetimia mwaka 1.8. Kwa Doto sekunde moja baada ya kugeuza, akipiga hesabu ileile kwa mwendo wake mpya, nyumbani ni mwaka 8.2. Wachore mistari mitatu kutoka kwenye kona ile kwenda kwenye mstari wa Kulwa: mmoja umelala sawa, mmoja unashuka, mmoja unapanda.

Watakuuliza ile miaka 6.4 katikati ya 1.8 na 8.2 imekwenda wapi. Usiwaambie kwamba Kulwa alizeeka ghafla, maana hakuna kilichompata. Kulwa alikuwa anakunywa chai. Kilichobadilika ni mstari ambao Doto anauita "sasa hivi", na mstari huo kila msafiri anauchora kwa mwendo wake. Zile meseji hazikuuhitaji kabisa, ndiyo maana tulifika 6 na 10 bila ubishi.

Mpe chaki yule binti auchore mstari unaopanda yeye mwenyewe.